Kabari za Mzee Mazengo

Kwa miaka kumi na moja nilifundisha uongo, na niliufundisha vizuri. Wanafunzi wangu waliondoka Itigi wakawa manesi, mafundi umeme, wahasibu, na kila nikikutana na mmoja wao stendi ya Singida au sokoni Manyoni, salamu haijaisha ananiuliza, "Mwalimu Mughwai, lile behewa bado lipo?" Nami namjibu kwa kujidai kwamba lipo, na wala halijasogea hata unyayo.

Shule yetu haina maabara ya kumwonyesha mgeni. Tuna mizani mbili, moja mbovu, na springi zilizonyooka kwa kuvutwa na vizazi vya watoto. Lakini nyuma ya ghala la zamani, ng'ambo ya uwanja wa mpira, kuna njia ya reli ya pembeni ambayo treni haijaikanyaga tangu kabla sijahamia hapa. Juu yake limeachwa behewa moja la wazi, na ndani yake kuna jasi iliyonyeshewa mvua ikaganda. Uzito wa behewa lenyewe bado unasomeka ubavuni. Nilipojumlisha na jasi nikapata tani kumi na nane, na kuanzia siku hiyo namba hiyo ikawa yangu.

Kila mwaka, mwezi wa saba, tukifika kwenye sheria za mwendo, nawapeleka kidato cha pili pale. Nafunga kamba ya katani, ile ya mchezo wa kuvutana, kwenye kulabu ya nyuma. Kisha nawapanga wote nyuma ya behewa, wasukume huku nikihesabu mpaka kumi. Halisogei. Halafu wanashika kamba na kulivuta lirudi walikosimama. Halisogei. Wakishaketi chini wanahema na kucheka, ndipo nasema maneno yangu: "Mmeona? Hiyo ndiyo inesha. Kitu kilichotulia ni kibishi, na kadiri kilivyo kizito ndivyo ubishi unavyozidi. Behewa hili limewashinda kwa uzito wake." Wanaandika. Hakuna anayesahau, na mtihani wa taifa swali hilo hawakosi.

Mwaka huu nikampata Aneth.

Aneth ni binti mwembamba, mtoto wa warina asali wa huko vichakani, na ana tabia ya kunyoosha mkono nusu, kana kwamba analionea haya swali lenyewe. Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nimeshawasimulia behewa ili waje Jumatano wakiwa na hamu. Mkono wake ukanyooka nusu.

"Mwalimu, nimejaribu kupiga hesabu. Kama kila mmoja wetu anasukuma kwa nyutoni mia mbili, sisi arobaini ni nyutoni elfu nane. Behewa ni kilo elfu kumi na nane. Nikigawa, napata karibu nusu."

"Nusu ya nini?"

"Kila sekunde mwendo unaongezeka karibu nusu mita. Sio sifuri, mwalimu. Baada ya sekunde tano lingekuwa linakwenda mita mbili kwa sekunde. Kwa nini halisogei?"

"Msuguano," nikasema.

"Lakini wiki iliyopita ulisema gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma msuguano wake ni mdogo sana."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Ukweli ni kwamba swali hilo nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe, mwaka wa pili au wa tatu, nikaliacha. Behewa lilikuwa halisogei, na mimi nilikuwa napendwa kwa sababu halisogei. Ya nini kujitafutia matatizo? Nikamwambia Aneth kwamba hesabu za kwenye karatasi hazisukumi behewa, nikamsimamisha nyuma ya darasa mpaka kengele ilipolia.

Kesho yake, Jumanne, wakati wa chai, akaja Bibi Febronia.

Bibi Febronia ni mke wa Mzee Mazengo, mstaafu wa gengi la reli, Mgogo mwenye maneno machache. Bibi anauza asali na mlenda mkavu kule mwisho wa ile njia ya pembeni, penye mashine ya kusaga. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na kikapu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mzee wangu yuko Kilimatinde, wamemfanyia jicho. Kanipigia simu jana. Anasema kesho mna lile somo lenu la behewa."

"Ndiyo, bibi."

"Amenituma hivi." Akaweka kikapu chini, akatoa kifurushi. "Anasema viwekwe chini ya behewa kabla watoto hawajalisukuma. Kila mwaka anaviweka yeye, alfajiri, watu hawajaanza kupita. Jioni anakwenda kuviondoa."

Akafungua kifurushi. Kilikuwa kitambaa chekundu kilichochujuka, na ndani yake vipande viwili vya mti, vyeusi, vinang'aa kwa mafuta. Jamani, niambieni ninyi. Kitambaa chekundu. Miti iliyopakwa mafuta. Kuwekwa alfajiri, chini, bila kuonwa na watu.

"Na visipowekwa?" nikauliza.

"Amesema litawatoroka."

Walimu wenzangu walikuwa wameshaacha kunywa chai. Nikasimama. "Bibi, mimi ni mwalimu wa fizikia. Hapa hatuweki dawa chini ya vitu."

"Sio dawa, mwalimu. Ni miti tu."

"Na dawa zenyewe ni nini kama si miti?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nilipoona nimechekesha, nikaendelea. Nikamwambia amfikishie Mzee salamu zangu, na kwamba kama miaka yote hii amekuwa akifanyia mambo yake kwenye somo langu, basi aache, na nisimwone mtu yeyote karibu na behewa akiwa na vitambaa vyekundu. Bibi Febronia alinisikiliza mpaka mwisho. Akavifunga vile vipande polepole, akavirudisha kikapuni.

"Sawa, mwalimu. Nitamwambia."

Zilikuwa kabari. Kile kitambaa kilikuwa bendera ya zamani ya reli, ya kusimamishia treni. Mafuta yalikuwa grisi. Kabari ni mashine rahisi, ipo kwenye silabasi, naichora ubaoni kila mwaka kwa chaki za rangi. Nilisimama mbele ya kabari mbili za kuzuia magurudumu, mimi na shahada yangu, nikaona hirizi.

Jumatano kulikuwa na ule ubaridi wa asubuhi wa mwezi wa saba, na upepo uliojaa vumbi. Tulipofika kwenye behewa niliangalia kule mwisho wa njia kama ninavyofanya kila mara, bila sababu. Kutoka lilipo behewa, reli inapanda kidogo sana kama hatua kumi, kwa kuwa lenyewe limekaa kwenye kibonde, halafu inaanza kushuka, hatua sitini hivi, mpaka kwenye mashine ya kusaga. Hapo mwisho zamani palikuwa na kizuizi cha chuma. Wauza vyuma chakavu walikichukua, na mwenye mashine akajenga ukuta wake wa matofali mabichi karibu kabisa na ncha za reli. Nani angemkataza, na treni haziji?

Nilimwona mke wangu, Raheli, akiingia mashineni na ndoo ya mahindi kichwani. Mtoto wetu Eliana alikuwa mgongoni, kofia yake ya sufu imechomoza kwenye kitenge. Raheli aliinua mkono kunipungia, akaingia. Mashine ilikuwa inanguruma, na wakati wa alizeti na mahindi mle ndani hujaa kina mama wanaosubiri zamu. Nje, kwenye kigoda chake kando ya reli, Bibi Febronia alikuwa amepanga chupa za asali.

"Aneth," nikasema, "wewe usisukume. Wewe una hesabu zako. Kaa pale ushike kamba."

Watoto wakacheka. Aneth akaenda akashika ncha ya kamba, macho chini.

"Haya! Moja!"

Wakasukuma. Calist na Elisha, ambao ndio wenye vifua katika darasa lile, walikuwa katikati, mabega yao yameegemea chuma.

"Mbili! Tatu!"

Kitu kikalia chini ya behewa, sauti nyembamba ya chuma. Nilidhani ni upepo.

"Nne!"

Behewa likasogea.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimelitazama behewa lile miaka kumi na moja likiwa limesimama, na sasa nililiona likipita mbele ya kichaka cha miiba kilicho nyuma yake, na kwa sekunde nzima akili yangu ilikataa ikasema ni kichaka kinachosogea. Watoto wakapiga kelele za furaha. Wakaongeza nguvu. Walidhani ndilo somo! Walidhani wao ndio darasa la kwanza lililoshinda, na mimi nilisimama pale mdomo wazi, na kitu cha kwanza nilichosikia moyoni, namwomba Mungu anisamehe, kilikuwa hasira. Nilikasirikia behewa. Nikalipigia kelele, "Simama!", kama ninavyowapigia wachelewaji getini.

Likafika juu ya kile kimwinuko. Watoto wakaliachia, wakarukaruka wakikumbatiana. Behewa halikuachia. Likavuka, likaanza kushuka.

Halikuwa linakwenda mbio. Hilo nataka lieleweke. Lilikwenda kama mtu anayewahi kanisani. Kama lingekuja kwa kasi tungepata hofu inayostahili, lakini kitu kinachokwenda polepole kinakudanganya kwamba unaweza kukishika. Na mimi nilidanganyika. Mimi, mwenye kuandika ubaoni kwamba momentamu ni uzito wa kitu mara mwendokasi wake, nililikimbilia behewa la tani kumi na nane, nikalipita, nikageuka, nikaweka viganja vyangu viwili juu ya chuma, nikalisukuma lirudi.

Halikunigonga. Lilinichukua tu. Miguu yangu ikaanza kurudi nyuma juu ya kokoto na mataruma, viatu vikikwaruza, na chuma kile kilikuwa baridi na hakikupungua hata kidogo. Nilisukuma mpaka nikaona nyota. Nyuma yangu ngurumo ya mashine ilizidi kukaribia, na mle ndani hakuna ambaye angesikia kelele za mtu yeyote. Nikawaona Calist na Elisha wanakimbia kuja kusimama kando yangu, watoto wa watu, na nikajua kwamba nimewafundisha mimi. Walikuwa wamelianzisha wakiwa karibu arobaini, sasa walidhani watatu watatosha.

"Rudini!" Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya Aneth, na hata siku moja sijawahi kuisikia kubwa namna ile. "Calist, usiende mbele! Kamba! Shikeni kamba wote! Tumelisukuma hatua kumi, tulivute hatua kumi!"

Kamba ilikuwa imefungwa tayari kwenye kulabu ya nyuma, na Aneth alikuwa ameishikilia muda wote, akiburutwa peke yake, magoti yake yamejaa damu. Wakaja. Nilisikia kishindo kamba ilipokaza. Kwa mara ya kwanza chuma chini ya viganja vyangu kilisita. Wakavuta huku visigino vyao vikichimba mistari ardhini, wengine wakaanguka, wakaburutwa, wakainuka. Behewa likapunguza mwendo. Halikusimama. Mteremko ulikuwa unalirudishia kile watoto walichokuwa wanalinyang'anya, na nilipogeuza kichwa niliona ukuta wa mashine ukiwa karibu hatua ishirini na tano.

Ndipo Bibi Febronia alipofika. Hakukimbia. Alikuwa ameacha chupa zake na kuja akitembea kando ya reli na kile kifurushi chekundu, na alipofika usawa wangu aliniambia, bila kuniangalia, "Toka mbele, mwalimu."

Nikatoka. Alipiga goti, akaweka kabari ya kwanza juu ya reli, mbele ya gurudumu. Gurudumu likaipanda kidogo, likaitema, ikaruka ikapotelea kwenye majani. Bibi akasimama, akatembea mbele ya gurudumu hatua tano, akapiga goti tena. Kabari ya pili akaiweka. Mumewe ana fimbo ya chuma ya kuishikiza ili isitemwe, niliambiwa baadaye. Bibi hakuwa na fimbo. Aliishikiza kwa mkono wake wa kulia, na hakuuondoa mpaka gurudumu lilipokuwa limeshaikalia.

Nilikuwa karibu vya kutosha kulishika bega lake nimvute. Sikulishika. Nilikuwa nimesimama tu.

Behewa likapanda juu ya kabari, likalia, watoto wakavuta huku wengine wakilia kwa sauti, na kwa muda ambao hata leo nikifumba macho naona ni mrefu, lilining'inia pale bila kuamua. Kisha likarudi nyuma kidogo, likatulia. Bibi Febronia akasema neno moja la Kigogo ambalo sijathubutu kumwuliza mtu maana yake, akajiegemeza kwenye reli, akaufunika mkono wake kwa ile bendera. Bendera ilikuwa nyekundu tangu mwanzo, kwa hiyo kwa sekunde chache sikuona chochote.

Kutoka bafa, chuma cha mbele cha behewa, mpaka kwenye ukuta zilikuwa hatua tisa. Nilizihesabu baadaye, mara tatu.

Raheli akatoka mashineni, zamu yake bado, ndoo ya mahindi kichwani, kope nyeupe kwa unga, Eliana amelala mgongoni. Akatazama behewa, akatazama watoto waliolala chini huku na kule na viganja vilivyochunika.

"Mbona mmelihamisha?" akaniuliza.

Nilikaa chini pale pale, juu ya kokoto. Wengine ndio waliomwinua Bibi wakamkimbiza hospitali kwa bajaji, wakati mwalimu wa fizikia amekaa chini.

Vidole viwili havikuokolewa, cha shahada na kile kinachofuata. Mkuu wa shule aliandika barua, nami nikaandika ya kujieleza, nikaeleza yote, pamoja na kicheko cha Jumanne. Watu wa reli walikuja wakalifunga behewa kwa minyororo. Mmoja wao alifungua kile kiboksi kinachoshika ekseli ya magurudumu, akaingiza kidole, akakitoa kimejaa grisi mpya. Akashangaa nani anapaka grisi behewa lililokufa. Mimi nikashangaa zaidi yake, maana miaka yote nilikuwa nikisema moyoni kwamba kama si uzito, basi ni kutu.

Alhamisi niliingia darasani. Nusu ya darasa walikuwa na vitambaa mikononi na hawakuweza kushika kalamu. Sikuwa na hotuba. Nikampa Aneth chaki, nikaenda kusimama nyuma ya darasa, pale nilipomsimamisha yeye Jumatatu.

Aliandika taratibu kwa sababu ya kiganja chake. Kilo elfu kumi na nane, mara mita mbili kwa sekunde: elfu thelathini na sita. Chini yake akaandika nguvu ya mtu mmoja anayesukuma kwa uwezo wake wote, nyutoni mia sita. Akagawa.

"Sekunde sitini," akasema. "Mwalimu peke yake angehitaji dakika nzima kulisimamisha, tena kama pangekuwa hakuna mteremko. Na mpaka ukutani zilibaki sekunde ishirini na kitu."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

Alitazama ubao, hakunitazama mimi. "Kwa hiyo ungekufa, mwalimu. Ungebanwa pale ukutani. Na waliokuwa ndani."

Hakuna aliyecheka. Nikawaambia darasa kwamba niliyowafundisha kuhusu behewa hayakuwa kweli, kwamba hakuna kitu kizito kiasi cha kukataa kusukumwa kama hakuna kinachokizuia, na kwamba Jumatatu Aneth alikuwa sahihi na mimi nilijua kwamba huenda yuko sahihi. Elisha akauliza, "Sasa miaka yote ile lilikuwa halisogei kwa nini?" Nikamjibu kwamba kuna mtu alikuwa analizuia.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda nyumbani kwa Mzee Mazengo. Jumamosi yote nilikuwa nimeshinda kwenye majani kando ya reli natafuta ile kabari iliyotemwa, na nilikuwa nayo kwenye mfuko. Nilimkuta amesharudi kutoka Kilimatinde, ameketi nje, jicho moja limefungwa bandeji nyeupe, anaifuta kabari ya pili kwa tambara.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbukwa, mwalimu," akanisalimu kwa Kigogo. "Karibu kiti. Ile nyingine iliruka upande gani?"

Nikaitoa, nikampa kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaikagua kwa jicho lake zima, akaiweka kando ya mwenzake. Niliona wazi kwamba amefurahi kuipata.

"Mzee," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba wewe ndiye unalizuia. Miaka kumi na moja, Mzee! Miaka kumi na moja nawaambia watoto limeshindikana kwa uzito wake."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuniambia kwamba moto unaunguza. "Nilidhani unajua," akasema. "Ule mwaka wa kwanza nilipita nikakuona unawapanga watoto pale. Breki ya mkono ya behewa ilishaibiwa zamani. Nikasema, mwalimu huyu kijana amesahau kabari. Nikakimbia kuziweka upande wa pili, hukuniona. Sasa mtu mzima utamsemaje mbele ya watoto wake? Nikanyamaza. Mwaka wa pili ukasahau tena."

"Mara kumi na moja?"

"Baadaye nikaona labda ndio mgawanyo wetu wa kazi. Wewe unafundisha, mimi naweka. Kuziacha pale haiwezekani, mchwa na wapika pombe wanazimaliza. Na grisi napaka kwa sababu chuma kisipopakwa kinakufa. Nilikuwa nakuja pale nyuma ya ghala kukusikiliza, ujue. Unafundisha vizuri. Ile ya ubishi wa vitu naipenda sana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa matusi ningekuwa na la kujibu. Nilitazama chini, na machozi yalikuwa yananitoka bila mimi kuyaruhusu, na mzee yule akageuza uso wake ili jicho lililofungwa ndilo liwe upande wangu, asinione.

Bibi Febronia akatoka ndani na kikombe cha chai, amekibeba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kubwa na kuning'inizwa shingoni kwa kanga. Nikasimama haraka.

"Shikamoo, bibi."

Njia nzima kutoka nyumbani nilikuwa nimekuja na maneno. Nilikuwa nimeyapanga, nikayajaribu mbele ya Raheli, nikayapunguza. Nilivuta pumzi ili niyaanze. Bibi akaweka kikombe juu ya kigoda, akapangusa kiganja kwenye gauni lake, akaninyooshea mkono uliobaki.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Unisamehe, leo nakupa wa kushoto."